Mstari wa Kumi na Tano

Mwalimu Leonhard Zerbe aliujua mwandiko wa karibu kila mwanamume wa Lindental, kwa sababu wengi wao yeye mwenyewe ndiye aliyewashika vidole walipokuwa wadogo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefundisha shule ya kanisa, na hakuna herufi iliyopinda kijijini ambayo hakuijua imepindwa na nani. Kwa hiyo watu waliposema kura ni siri, yeye alicheka kimoyomoyo. Angefungua karatasi, atupe jicho mara moja, na papo hapo angejua kuwa huyu ni yule mzembe wa kinu, na yule ni mjukuu wa Mzee Stiegel ambaye hadi leo anaanza jina la mtu kwa herufi ndogo.

Sheria ya Pennsylvania mwaka ule wa 1796 haikutaka karatasi iliyopigwa chapa. Kila mpiga kura alete majina ya wajumbe kumi na watano, yote yameandikwa kwa mkono, na hao wajumbe ndio wangekwenda kumchagua rais, Adams au Jefferson. Watu wa Adams walikuwa na kumi na watano wao, watu wa Jefferson wao. Na kwa kuwa mkulima mwenye mikono ya sugu hawezi kukaa chini aandike majina kumi na matano bila kuharibu wino na siku nzima, kila upande ulitafuta watu wa kuwaandikia wengine. Wake za watu waliandika, na watoto wa shule, na makarani wasio na kazi. Mwezi mzima wa kumi vijiji vyote vya bonde lile vilikuwa vinakwaruza karatasi.

Leonhard hakuandika hata moja. Alikuwa mtu wa Adams, hilo lilijulikana, lakini alikuwa ameteuliwa kuwa msomaji wa kura, na alikuwa amekula kiapo mbele ya Biblia kwamba angesoma kila kilichoandikwa, chote, bila kuongeza wala kupunguza. Na kusema kweli, hakuwa na moyo wa kuandika kitu. Ilikuwa wiki ya nne tangu amzike binti yake.

Sabina alikuwa na miaka kumi na saba. Ugonjwa wa kuhara damu ulimshika mwanzoni mwa mwezi wa kumi ukamla siku tisa. Daktari alipomaliza kazi yake, maana kumaliza alimaliza, aliamuru kila kilichokuwa chumbani kichomwe: godoro la majani, shuka, gauni, vitabu vyake vya mazoezi, hata kadi ya ubatizo aliyokuwa amejichorea ndege na maua ukingoni. Moto uliwashwa uani, na Leonhard akasimama akautazama. Jioni alipoingia ndani na kutafuta, hakupata hata mstari mmoja wa mkono wa mtoto wake. Yeye aliyewafundisha watu wote kuandika, nyumbani kwake hapakubaki herufi moja ya mwanawe. Hilo lilimuuma kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu, kwa sababu lilikuwa dogo na watu wangemwambia ashukuru Mungu.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Katika siku zile tisa hakuingia chumbani kwa Sabina hata mara moja. Mama yake Sabina alikwisha kufa zamani, na mgonjwa aliuguzwa na mama yake mkubwa, Appolonia, ambaye hakuogopa kitu. Leonhard alisema ana watoto arobaini shuleni na hawezi kuwapelekea ugonjwa. Watu walimsifu kwa hilo. Mchungaji alimsifu mpaka kanisani. Lakini yeye alijua kuwa shule aliifunga tangu siku ya tatu. Alikuwa anaogopa kufa, basi, hakuna zaidi. Kila usiku alivua viatu, kisha akavivaa tena, akaenda kusimama nje ya mlango wa binti yake, akasikiliza. Alisikia kitu kikikwaruza mle ndani. Alidhani ni panya. Usiku mwingine alidhani ni kucha za mgonjwa juu ya shuka, akarudi kitandani mbio.

Siku ya kura ilikuwa Ijumaa ya baridi kavu. Watu walipita dirishani kwenye baa ya Balser Kintzel, wakitoa karatasi zao zilizokunjwa, na Balser, ambaye ndiye aliyekuwa hakimu wa uchaguzi, alizipokea kwa mkono wake mnene na kuzitumbukiza sandukuni. Saa tisa alasiri kila aliyetarajiwa alikuwa amekuja, hata mume wa Appolonia, Jost, ambaye huchelewa hadi mazishini. Dirisha likafungwa. Mezani walikaa wanne: Balser, Tobias Rauch, fundi wa matandiko ya farasi, aliyewasimamia watu wa Jefferson, karani mmoja kijana wa mjini wa kupiga alama, na Leonhard mwenye sindano.

Sindano ilikuwa na uzi mrefu wa katani. Kila karatasi ikishasomwa ilichomwa katikati ikasukumwa uzini na nyenzake, ili isije ikasomwa mara mbili. Uzi ukijaa unafungwa fundo, unawekwa sandukuni, sanduku linapigwa lakiri na kupelekwa kwa hakimu wa wilaya, na huko baada ya matokeo kutangazwa karatasi zote huchomwa moto. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu.

“Mwalimu,” alisema Tobias akijipangusa povu la sida, pombe ya matofaa, mdomoni, “leo usisahihishe makosa, tafadhali. Ukimchapa mtu viboko kwa herufi mbaya, kura itakuwa batili.”

“Zako nitazichapa,” alisema Leonhard. “Wewe tangu una miaka minane unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.”

Karani wa mjini akacheka. Kazi ikaanza vizuri. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Adams, ya pili ya Jefferson. Ya tatu ilikuwa na majina kumi na sita, maana mwenyewe alimwongeza shemeji yake, na Balser akaitupa chini ya meza. Ya nne ilikuwa sawasawa, ila chini kabisa mwenyewe alikuwa ameongeza tusi juu ya mama yake mtoza ushuru.

“Hii nayo itupe,” alisema Balser. “Majina yakipungua sawa, tutahesabu yaliyopo. Lakini maneno hayatakiwi. Karatasi ya kura si ukuta wa choo.”

Karatasi ya tano Leonhard aliifungua, akaisogeza karibu na macho.

Ilikuwa mkono wa Sabina. Hakuna mwingine aliyeinua kichwa cha herufi namna ile, kama mtu anayeangalia juu ya ua wa jirani. Majina kumi na matano ya Jefferson, mstari chini ya mstari, yamenyooka bila rula. Karatasi ilinuka moshi.

“Soma basi, Mwalimu,” alisema Balser.

Akasoma. Alipomaliza, sindano ilikuwa mkononi na wote walikuwa wanamtazama, akaichoma katikati ya jina la mtu asiyemjua.

Ya sita ilikuwa ya Adams. Ya saba ilikuwa ya Sabina tena, na ya nane pia.

“Hizi za kwetu zinanuka nyama ya nguruwe,” alisema Tobias, akacheka kwa pua. “Jost alizileta kwenye kapu. Nilimuuliza, bwana, umeziweka wapi, kwenye banda la kukaushia nyama? Akasema ndiyo, siku mbili nzima, amri ya mke wangu. Wanawake hawa.”

Leonhard alielewa kabla Tobias hajafunga mdomo. Appolonia alikuwa amezitoa chumbani kabla daktari hajaamuru moto, akazifukiza kuutoa ugonjwa. Na kile kilichokuwa kikikwaruza usiku nyuma ya mlango hakikuwa panya wala kucha. Kilikuwa kalamu. Mtoto alikuwa anaandika, hatua nne kutoka pale aliposimama baba yake na viatu vyake.

Akaendelea kusoma. Angefanya nini? Ziliendelea kuja bila mpango, moja baada ya nyingine, za siku za mwanzo na za mwisho zimechanganyika, na yeye aliyeujua mkono ule tangu ukiwa unashika mkaa aliweza kusema kila moja imeandikwa siku gani. Hii ni ya siku ya kwanza, bado ana nguvu, anachezea mikia ya herufi. Hii ni ya siku ya tano, wino umedondoka kwenye jina la saba, labda alilala kidogo. Hii ni ya siku ya tatu, amepona? Hapana, hakupona, alichangamka tu. Mbele yake binti yake aliugua, akapata nafuu, akaugua tena, mara kumi, mara ishirini, na kila mara yeye alisoma majina ya watu na kuchoma sindano.

Alitamani moja. Hakutamani zote, moja tu, aiweke ndani ya Biblia. Lakini wapiga kura mia na wanne walikuwa wameandikwa kwenye orodha, na karatasi, pamoja na zile zilizotupwa chini ya meza, lazima ziwe mia na nne. Ikipungua moja, matokeo ya Lindental yote yangetupwa, na kura za watu wazima mia moja zingekwenda na maji kwa sababu ya msiba wake yeye. Alijua hivyo. Mkono wake ulijua vingine, mara mbili akaukuta umekaribia mfuko wa koti.

Mishumaa iliwashwa saa kumi na moja. Tobias alikuwa amechoka kuchungulia begani kwa Leonhard na sasa alikuwa anakula mkate na rojo la matofaa. Balser macho yake hayakuona karibu. Karani alisubiri majina tu, apige alama. Sandukuni zilibaki karatasi tatu, kisha mbili, kisha moja.

Ile ya mwisho ilikuwa imekunjwa vibaya. Leonhard aliifungua akadhani kwanza ni ya mtoto. Herufi zilianguka kushoto na kulia, mistari ilishuka kama njia ya kuteremkia mtoni, na jina moja lilianzwa mara mbili. Hakuna mtu mwingine kwenye meza ile ambaye angeweza kuisoma. Yeye aliisoma. Ilikuwa ya siku ya tisa.

Alisoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Alikwenda polepole mno, Tobias akamwambia, “Mwalimu, tunataka kwenda nyumbani,” naye akaendelea vile vile polepole. La kumi na tatu. La kumi na nne. Katika mstari wa kumi na tano, mahali pa Enoch Burdsall, mfanyabiashara wa chuma ambaye kila karatasi ya Jefferson ilimweka mwisho, hapakuwa na Burdsall. Paliandikwa: *Baba, ingia.*

Akayasoma tena kimoyomoyo. Yalikuwa pale pale.

“Wa kumi na tano?” aliuliza karani, kalamu juu.

Leonhard alijua vizuri sana alichopaswa kufanya. Maneno hayatakiwi. Angeyasoma kwa sauti, kama alivyoapa, na Balser angesema itupe, na karatasi ingeanguka chini ya meza kati ya matope na makombo, na yeye angeinama aiokote, na hakuna ambaye angemzuia. Angekuwa nayo maisha yake yote. Watu wa Jefferson wangepoteza kura moja, na Mungu angemsamehe hilo upesi.

Lakini Balser angeuliza, baba nani huyo? Aingie wapi? Ingebidi aseme kuwa ni mimi. Kwamba alikuwa ananiita. Kwamba siku tisa sikuingia, na shule ilikuwa imefungwa, na mchungaji alinisifu bure. Tobias angelisikia, naye Tobias hawezi kubeba kitu mdomoni hata hadi mlangoni. Kabla ya ibada ya Jumapili kila mzazi aliyemletea mtoto shuleni angejua mwalimu wao ni mtu wa namna gani.

“Mwalimu? Wa kumi na tano?”

“Hakuna kitu,” alisema Leonhard. “Patupu.”

“Kamsahau Burdsall, maskini,” alisema Tobias. “Haya, kumi na wanne ni bora kuliko bure.”

Sindano ilipita kwa urahisi, karatasi ilikuwa nyembamba. Leonhard aliisukuma hadi mwisho wa uzi na kufunga fundo kwa vidole vyake mwenyewe. Balser akachukua furushi, akaliweka sandukuni, akamwaga lakiri nyekundu juu ya tundu la ufunguo. Leonhard aliitazama lakiri ikiganda.

Balser alitoka barazani kuwasomea watu. Arobaini na moja wa Adams. Wa Jefferson, sitini na moja, na sitini na moja, na sitini na moja, jina baada ya jina, watu wake wakipiga miluzi. Alipofika kwa Enoch Burdsall akasema sitini. Watu wakaangua kicheko.

“Nani kamtema Burdsall?”

“Atakuwa anamdai majembe!”

“Sitini! Gavana atauliza, huyu aliwakosea nini watu wa Lindental?”

Leonhard alisikia namba ile kana kwamba imepigwa kengele. Ilikuwa tayari kwenye karatasi ya matokeo, imetiwa sahihi na watu wanne, yeye akiwa mmoja wao. Ingevuka mto, ipelekwe mjini, ifike kwa gavana, na kila mahali mtu angeitazama na kujiuliza kwa nini imepungua moja.

Alishuka ngazi akitaka kwenda zake. Appolonia alikuwa amekaa juu ya mkokoteni kando ya birika la farasi, blanketi mabegani, akimngoja mumewe Jost ambaye alikuwa bado ndani anashangilia. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiyejua kusoma, na hakuwahi kuona haya kwa hilo.

“Shemeji,” alimwita. “Njoo hapa.”

Akaenda.

“Huyo wa mwisho kapungua moja kwa nini?”

“Mtu alisahau.”

“Mtu gani? Za kwetu zote ziliandikwa na wawili, mke wa Tobias na mtoto wetu. Mke wa Tobias hakika hasahau, anaogopa mumewe. Na Sabina mimi mwenyewe nilimhesabia. Kusoma sijui, kuhesabu najua. Kila karatasi aliyomaliza nilipitisha kidole, mistari kumi na mitano. Nikaitia kwenye aproni.”

“Alikuwa mgonjwa, Appolonia.”

“Ya mwisho nilimshika kiwiko, maana mkono ulikuwa unaanguka. Nikamwambia, mwanangu, acha, zinatosha. Akaniambia, hii moja tu, mama mkubwa. Hii mpe Jost na umwambie asiipoteze. Baba ndiye msomaji mwaka huu, ameapa, hawezi kuruka mstari.” Appolonia alivuta blanketi. “Nilidhani ni homa inasema. Lakini nilihesabu. Ilikuwa na mistari kumi na mitano, kama nyingine.”

Nyuma yao watu walikuwa wamemnyanyua Jost begani, na mtu alikuwa anapiga debe. Leonhard alishika ukingo wa mkokoteni.

“Alikuwa anavisikia viatu vyako,” alisema Appolonia, bila ukali. “Kila usiku. Alisema, yule kaja. Kisha tunasikia umeondoka.”

“Sikujua kama anasikia.”

“Alisikia. Basi niambie, shemeji, maana mimi nimeibeba ile karatasi mwezi mzima sijui ina nini. Pale mwisho aliandika nini?”

Farasi alimaliza kunywa, akainua kichwa, maji yakamdondoka mdomoni.

“Aliandika, Baba, ingia.”

Appolonia alifumba macho, akayafumbua.

“Na wewe uliposoma, mbele za watu, ukasema nini?”

“Nilisema hakuna kitu,” alisema Leonhard.